Shangazi alikua anauliza habari za ndege

Ukitaka kujua ndugu yako wa kijijini amevuna au hajavuna usimuulize amepata gunia ngapi. Huku kwetu Dodoma hilo swali ni zito, mtu mzima mwenye watoto na wajukuu ukimuuliza hivyo mbele za watu atakwambia tu "tunamshukuru Mungu" na mazungumzo yanaishia hapo. Shangazi yangu, Mungu amlaze mahali pema peponi, yeye alikua anauliza habari za ndege. "Na kwenu walipita?" Ndege wenyewe ni kwelea kwelea, wale wadogo wadogo wanaokuja kundi zima, wakitua kwenye shamba la uwele asubuhi, mpaka mchana masuke yamebaki mabua matupu. Sasa ndege akila shamba sio kwamba wewe mvivu, wala sio kwamba mkeo hajui kulima, ndege ni ndege. Kwa hiyo mtu anafunguka, anaeleza walikuja lini, alikua anawafukuza na nani maana watoto walikua shule, upande gani wa shamba ulipona na upande gani uliisha. Na Shangazi anasikiliza huku anamenya njugu mawe, hasemi kitu cha maana, anaitikia tu "eeh", "eeh", ila kichwani hesabu yake yote ameshaimaliza.

Alifariki mwaka juzi mwezi wa kumi na moja, wakati ule wa joto kali ambao kila mtu anaangalia juu anasubiri mvua ya kwanza. Hakuugua muda mrefu. Tangu hapo nimekua nataka kuandika habari zake, nikianza naacha, maana najikuta naandika kwamba alikua mtu mwema, mkarimu, mcheshi, na hayo maneno yanasemwa kwenye kila msiba, hayamfikii yeye. Shangazi alikua na kazi. Hakuna aliyemwajiri wala aliyemlipa, ila alikua na kazi kwenye ukoo wetu na aliifanya kwa akili kubwa sana, na mi nataka niieleze hiyo kazi vizuri ili na hawa wadogo ambao hawakumkuta waijue.

Kwa wasiojua, kwetu ni upande wa Mvumi, wilaya ya Chamwino. Nchi kavu. Mvua ni msimu mmoja tu, inaanza Desemba inaishia Aprili hivi, kwa mwaka mzima ni kama milimita 500 mpaka 600, halafu hapo katikati, Januari kuingia Februari, inaweza ikakata wiki kadhaa na shamba lililokua limesimama vizuri linanyauka huku unaliangalia. Ndo maana wazee walishikilia uwele na mtama hata watu wa mjini walipokua wanaona mahindi ndo chakula, uwele unavumilia. Na mvua yenyewe inachagua. Inanyesha kwa jirani inaruka kwako, mko kijiji kimoja, kanisa moja, kisima kimoja, huyu vihenge vimejaa na yule hana kitu. Pointi hii ishike maana ndo msingi wa yote nitakayosema.

Shangazi aliolewa mbali kidogo, upande wa Mpwapwa, ila mume wake alipofariki akarudi kwao, akajenga pembeni ya kwa Babu. Kwa Babu wakati huo bado kulikua na tembe, ile nyumba yetu ya asili ya Wagogo yenye paa la udongo lililo sawasawa kabisa, unaweza kupanda juu ukatembea, na juu yake ndo kulikua kunaanikwa kila kitu, majani ya mlenda, maboga yaliyokatwa vipande, karanga. Ukoo wetu zamani ulikua umeishi kwenye matembe yaliyotawanyika huko maporini, kila mzee na mji wake na ng'ombe wake. Ilipokuja Operesheni Dodoma mwaka 1971 watu wakahamishiwa kwenye vijiji vya ujamaa. Kuna mazuri yake, shule, zahanati, maji, na wazee wanakumbuka Mwalimu Nyerere mwenyewe alivyokua anafyatua matofali na wanakijiji pale Chamwino, hilo wanalisema kwa heshima mpaka leo. Ila ndugu zetu wengine walipangiwa vijiji vingine, wengine wakaamua kwenda mbele zaidi, Bahi, Kongwa, Manyoni, na Shangazi alikua anasema baada ya pale ilifika mahali unakutana na mtoto kwenye mnada unanunua naye mbuzi mnabishana bei kumbe ni mtoto wa kaka yako. Hilo lilimuuma sana.

Basi ndo akaanza kuita watu. Mwanzo walikua wachache, kaka zake na wadogo zake na wake zao. Mi nimezaliwa nikaikuta hiyo ipo, naijua kama jambo la kawaida tu la kila mwaka, mwishoni mwa mwezi wa sita shule zikiwa zimefungwa na mavuno yakiwa yameshaingia ndani, tunaenda kwa Shangazi.

Hakukua na kadi. Hakukua na kamati wala mwenyekiti wala mweka hazina. Na mchango ndo kabisa, huo aliukataa tangu mwanzo mpaka anaondoka, na kuna mwaka baba mdogo mmoja mwenye uwezo wake alitaka kuleta utaratibu kila kaya itoe hela kidogo ili tule vizuri, Shangazi akamwambia, "Harusini mtu anakuja na mchango, msibani anakuja na mchango. Ipo siku moja kwenye mwaka mtu aje na miguu yake tu." Ukija na kitu umekuja, ukija mikono mitupu na wewe umekuja, maji ya kunawa ni yale yale na mkeka ni ule ule.

Na watu walikua wanakuja na vitu jamani, sio kwamba walikua hawaleti. Wa Bahi walileta mchele na samaki wakavu. Wa Kongwa walikuja na mbuzi, wakati mwingine wawili, na mafuta ya alizeti kwenye dumu. Walioko Makutupora walileta zabibu kama wamebahatika kubakiza, ila mwezi wa sita zabibu sio msimu wake haswa kwa hiyo mara nyingi walileta ubuyu na karanga. Wa Dar walileta sukari, chumvi, sabuni, vitenge, na zile biskuti za maboksi ambazo sisi watoto tulikua tunazisubiri toka mwezi wa tano. Wale wa Dar enzi hizo walikua wanapanda treni ya reli ya kati, inafika Dodoma saa yoyote inayojisikia, halafu kutoka mjini ni Land Rover au lori mpaka kijijini, wanashuka wamekua wekundu kwa vumbi mpaka kope, na Shangazi anawapokea pale pale njiani kwa sauti yake ile kubwa, "Mbukwenyi! Mbukwenyi!", salamu yetu ya Kigogo, na kabla hujamaliza kuamkia shikamoo ameshakushika mkono anauangalia, anakuangalia shingo, anamwangalia mtoto uliyembeba. Mi nikiwa mdogo nilidhani ni furaha tu. Ilikua furaha kweli, ila alikua ameshaanza kazi.

Siku za pale zilikua za kufanya kazi. Hakuna aliyekaa kwenye kiti anasubiri kuletewa. Kama bado kuna uwele haujapurwa watu wanapura pamoja, wanaume na fimbo, wanawake wanapepeta kwenye upepo ule wa kipupwe ambao kwetu unavuma mkavu na baridi asubuhi mpaka midomo inapasuka, watoto wanakusanya masuke yanayorukia pembeni. Halafu kuna kutwanga. Kinu kimoja michi mitatu, mama zangu wadogo na mashangazi wanapokezana na wimbo juu yake, mchi mmoja ukipanda mwingine unashuka, na katikati ya wimbo mtu anatunga mstari wake anamchomekea wifi yake, wote wanacheka ila michi haigongani hata mara moja.

Jikoni alikua anashika yeye. Mlenda wa Shangazi ulikua wa kukausha, majani anachuma masika yakiwa machanga, anaanika juu ya tembe, yakikauka anatwanga na kuchekecha anahifadhi kwenye kibuyu. Siku ya kupika anachemsha maji na magadi kidogo sana, kidogo mpaka unadhani amesahau, anamwaga ule unga wa majani taratibu huku anapekecha, ule mpekecho unazunguka katikati ya viganja vyake mbele nyuma mbele nyuma, mpaka unaona mlenda umeanza kuvutika na rangi imekolea, ndo anatia karanga zilizotwangwa na chumvi. Basi. Hakuna kitunguu, hakuna nyanya. Ugali ni wa uwele, ule wa kijivu, mzito, unaokaa tumboni mpaka kesho. Na kula mlenda kuna namna yake, unachovya tonge halafu unazungusha mkono haraka ule uzi unakatika, watoto wa Dar walikua wanahangaika nao mpaka kwenye nguo, na Shangazi anakuja kukaa nyuma ya mtoto anamshika mkono anamfundisha, tena na tena, hachoki.

Jioni ni moto. Baba Mkubwa alikua anapiga zeze na ilimba, vyombo hivi hivi ambavyo Hukwe Zawose, mtu wa huku huku Ugogo aliyefariki 2003, alivizungusha dunia nzima, ila kwetu ilikua uani tu chini ya mkwaju. Wanawake wanapiga muheme, ngoma zinabanwa katikati ya mapaja, na Shangazi akishika ngoma yake hata kama alishinda analalamika mgongo huo mgongo hausikiki tena. Kukiwa kumetulia ndo watoto tunasimamishwa mmoja mmoja. Unasema wewe ni mtoto wa nani, baba yako mtoto wa nani, babu yako mtoto wa nani, halafu unazunguka ule moto unaamkia kila mtu kwa cheo chake. Huyu baba mkubwa. Huyu baba mdogo. Huyu bibi. Huyu ni kijana wa rika lako lakini ni baba yako, mwamkie. Ukisema "anko" unarudishwa unaanza upya. Akasema mara moja, na hili sijalisahau, kwamba mtu unayemwita baba unaweza kumgongea mlango usiku wa manane ukiwa na shida, na yeye hawezi kukuuliza wewe nani, ndo maana lazima umjue sasa hivi mchana akiwa anakunywa chai.

Sasa nifike kwenye magunia.

Siku ya mwisho, usiku, watu wakishalala, Shangazi alikua anakusanya vyombo vyote watu walivyojia navyo. Magunia, viroba, mifuko ya salfeti, ndoo. Anavipanga chini ya mkwaju. Halafu anaingia kwenye akiba, kile kilicholetwa na wote na kile cha vihenge vyake mwenyewe, anaanza kupima kwa sado, lile kopo la kupimia nafaka. Huyu sado kadhaa za uwele na karanga na njugu mawe, huyu kidogo, huyu ambaye alileta mbuzi wawili na dumu la mafuta anawekewa ubuyu na kibuyu cha mlenda tu, na yule ambaye alisema ndege walipita wakamaliza upande wote wa chini, gunia lake linajaa mpaka linagoma kufunga. Akimaliza anachukua shazia, ile sindano kubwa ya magunia, na kamba ya katani anashona midomo ya yale magunia yote, moja baada ya jingine. Ya kina fulani yaliyojaa na ya kina fulani ambayo ameyajazia makumvi na pumba za uwele pembeni ili yasimame, yote yanashonwa sawa. Asubuhi ukiamka unakuta mstari wa magunia, yote yamevimba, yote yameshonwa, kila moja lina kipande cha kanga cha rangi tofauti kuonyesha la nani, na hakuna anayejua cha mwenzake. Wa Kongwa anabeba gunia lake akiwa mnyoofu na yule wa ndege anabeba la kwake akiwa mnyoofu pia. Hakuna aliyeomba. Hakuna aliyetangaza amempa nani. Watu wanaagana wanaondoka.

Mi hili nimelielewa nikiwa mtu mzima, mwaka ambao macho yake yalikua yameanza kupungua akaniomba nimshikie tochi ya simu wakati anashona. Tulikaa pale chini baridi kali, nikamuuliza kwa nini asiwaite watu wenye shida pembeni akawapa tu, si rahisi zaidi. Akashona kwanza mpaka akamaliza lile gunia. Halafu akaanza kunieleza habari za Mtunya.

Mtunya ni ile njaa kubwa ya Ugogo ya mwaka 1917 mpaka 1920. Vita Kuu ya Kwanza ilipita huku, Wajerumani wakachukua nafaka na ng'ombe na wanaume wa kubeba mizigo, walipoondoka Waingereza nao wakachukua, na mvua ikagoma juu yake. Watu walikufa kwa maelfu, wengine wakahama, watoto wakaachwa kwa watu. Bibi yake Shangazi aliipitia akiwa binti, na alimsimulia Shangazi akiwa mdogo. Na alichomsimulia kikubwa ni kwamba mwanzoni, kabla haijawa ya wote, kulikua na miji ambayo bado ina chakula na miji ambayo imeisha, na walioishiwa walikua wanachelewa kwenda kuhemea, yaani kutafuta chakula, kwa ndugu zao, mtu anasema ngoja wiki hii, ngoja mwezi uandame, anaona haya, na alipokuja kuamka kwenda miguu haina nguvu tena ya kufika. "Watu walikufa ndugu zao wana chakula," akaniambia, "kwa sababu walichelewa kusema." Ndo maana yeye hasubiri mtu aseme. Anawaita wote wakati wa mavuno, wakati hakuna mwenye njaa bado, anaangalia mwenyewe nani ya kwake haitafika mwezi wa pili, anampa sasa hivi kabla ya aibu haijaingia. Wazee wetu na ng'ombe walifanya hivyo hivyo, mtu hakuweka ng'ombe wake wote zizi moja, anaweka wawili kwa shemeji, watatu kwa rafiki kijiji kingine, ukame ukipiga huku kule wamebaki. Shangazi hakua na ng'ombe wengi, alikua na watu, na akawaweka hivyo.

Miaka ya 1970, wakati wa ule ukame mpaka watu wakala unga wa yanga, yale mahindi ya njano ya kutoka nje, anasema kwenye ukoo wetu hakuna mji uliolala na njaa kabisa. Nimewauliza na wazee wengine wakakubali. Nilipoisikia hiyo nilinyamaza kabisa pale na tochi yangu, maana ni kitu kikubwa sana kwa mwanamke mmoja asiye na cheo chochote mwenye shazia na kamba.

Msiba wake ulikua mkubwa. Kwaya ya kanisani iliimba nyimbo za Kigogo usiku kucha, majirani wakaleta kuni na unga bila kuulizwa, tukalala tanga. Na watani wakaja. Sisi Wagogo tuna utani na Wahehe, na kulikua na mzee mmoja wa Kihehe aliyekua anafanya biashara ya mazao kwenye minada yetu miaka mingi, mtani wake haswa, wametaniana mpaka wamezeeka. Siku ya maziko jeneza linatoka, yule mzee akaenda akalala chali katikati ya njia, suti yake nzuri kwenye vumbi. Akasema huyu Mgogo haendi popote mpaka alipe, ameondoka na sado lake, alimwazima ile miaka ya shida na hajarudisha, amezoea kuwapimia watu na sado lisilo lake. Watu waliokua wanalia wakaanza kucheka, wanacheka na machozi yanatoka, binamu yangu akatoa hela akampa, mzee akazihesabu akasema hazitoshi, wakamwongeza na kuku, ndo akainuka akajifuta vumbi. Halafu akaenda kusimama peke yake kule nyuma ya mkwaju akalia kwa sauti. Mi nilimwona. Nilienda nikasimama naye.

Mkusanyiko wa kwanza bila yeye ulikua mwaka jana na ndo ulionisukuma kuandika hii. Nia ilikua nzuri kabisa, niseme hilo kwanza, vijana walijitoa. Likafunguliwa grupu la WhatsApp, ikaundwa kamati, ikatengenezwa bajeti, mahema, viti, muziki, mpishi, fulana zenye picha ya Shangazi kifuani, na kila kaya ikapangiwa kiasi cha kuchangia na mwisho wa kuchangia. Kila jioni orodha inawekwa kwenye grupu, aliyemaliza ana alama ya tiki, aliyetoa nusu imeandikwa nusu, ambaye hajatoa jina lake liko wazi pale chini na watu zaidi ya mia wanalisoma. Tulikula wali na kuku, kulikua na keki. Na baba yetu mdogo mmoja, yule ambaye gunia lake nililikumbuka vizuri sana maana mwaka ule nilishika tochi juu yake, hakuja. Watoto wake hawakuja. Wakasema ana udhuru.

Hana udhuru. Hakua na mchango.

Na mi naliona hili kwa uchungu maana siku nzima ile iliwekwa kwa ajili yake. Shangazi miaka yote alikua anatandaza mkeka ili mtu kama yule afike bila kuulizwa kitu, aangaliwe, apelekewe gunia lake limeshonwa kama la wengine. Sisi tukaweka mlangoni kitu ambacho yeye peke yake hawezi kukivuka, halafu tukavaa fulana za Shangazi. Siwalaumu vijana wa kamati hata kidogo, hivi ndivyo tunavyofanya mambo yetu yote siku hizi, harusi, kipaimara, kicheni pati, send-off, tumezoea kwamba watu kukutana ni bajeti. Nilipoongea nao wengi wao ile habari ya magunia walikua hawaijui kabisa. Walidhani ni zawadi za kuagana.

Kuna hoja nzuri waliyoniuliza na nimeifikiria sana. Walisema, sasa hivi nusu ya ukoo haulimi. Ni kweli. Serikali ilipohamia Dodoma kuanzia 2016, na mji ukawa jiji 2018, mashamba ya ndugu zetu wa Ihumwa na Mtumba huko yamepimwa viwanja, wengine walilipwa fidia wakajenga, wengine hela iliisha na shamba limeisha. Watoto wetu wanaendesha bodaboda, wana migahawa ya mama ntilie kwenye maeneo ya ujenzi, wengine walinzi, walimu, wako ofisini, Chuo Kikuu cha Dodoma wapo wanaosoma. Kwelea kwelea hawajapita kwao. Utamuuliza nini?

Mi naona ndege wapo, wamebadilika sura tu. Ukimuuliza mtoto wa mjini "mshahara unatosha?" atakwambia tunamshukuru Mungu. Ila muulize kodi ya nyumba, mwenye nyumba amepandisha? Hapo hata mwenye kazi nzuri anafunguka, maana kodi za Dodoma kila mtu anazijua zilivyopanda na sio kosa lake. Muulize wa bodaboda kuhusu ile pikipiki, ni yake au bado analeta hesabu ya bosi kila jioni. Muulize mama ntilie kuhusu mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa, usimuulize kama amekopa, muulize kama wanawasumbua watu wa mtaani kwake. Akianza kueleza jinsi wanavyokuja kubeba magodoro ya majirani utajua tu. Na wewe unaitikia "eeh", unaendelea kumenya karanga. Siku tatu zinatosha kabisa kujua ukoo mzima umesimamaje, kama kuna mtu mmoja au wawili waliokaa pale kwa ajili ya kusikiliza na sio kupiga picha.

Na magunia yanaweza kuwa bahasha. Au yabaki magunia, mi napendelea yabaki magunia, maana bahasha mtu anaipapasa anajua, ila gunia huwezi. Binti wa Shangazi, yule wa mwisho anayefundisha shule Kongwa, amekubali kushika ile kazi. Ana macho ya mama yake na mdomo hauvuji. Shazia anayo, aliichukua siku ile ya kugawana vitu, wengine wakabeba vyombo na vitenge yeye akaomba shazia na sado, nikajua hapo hapo kwamba na yeye alikua anajua.

Baba mdogo nilimfuata mwenyewe mwezi wa pili. Sikumpigia simu, nilienda. Nilikuta mvua ya Januari imempita kama kawaida, tukakaa, tukaongea sana, nikamuuliza habari za ndege akacheka, akasema, "Umeanza na wewe?" Amesema atakuja.

Kwa hiyo ndugu zangu wa ukoo mnaosoma hapa, mwaka huu ni mwishoni mwa mwezi wa sita, pale pale kwa Shangazi. Hakuna mchango, grupu lile la michango limefungwa na kamati wenyewe wameridhia. Njoo na ulichonacho, kama hauna njoo. Kila kaya ije na gunia au kiroba kimoja kitupu, hilo tu ndo la lazima. Wa Dar mnaokuja na treni ya SGR semeni mapema mnafika ya saa ngapi ili Noah ya binamu iwafuate stesheni, kuanzia mjini mpaka kijijini barabara imechongwa vizuri. Baba Mkubwa anaomba mwenye nyuzi za zeze amletee, za kwake zimekatika. Na uwele bado haujapurwa, tumeuacha makusudi.